Kigae cha Mtakatifu Andrea

Jua lilikuwa karibu kugusa maji, na Deolinda alikuwa bado anaanua samaki. Samaki waliopasuliwa wakilala nje huingiwa na unyevu, kisha huoza, hata kama mwenyewe ana msiba. Aliwaokota mmoja mmoja, akawapanga kapuni, na kila alipoinama aliinua tena kichwa kuitazama bahari.

Bahari ilikuwa tupu.

Mashua ya mumewe, Abílio, ilitoka siku kadhaa zilizopita pamoja na nyingine zote za Fontelas, asubuhi isiyokuwa na dalili yoyote mbaya. Kisha upepo wa nchi kavu ukaamka. Ukavuma kutoka milimani bila kupumzika, ukizisukuma mashua kilindini. Nyingine zilipiga makasia mpaka zikarudi, wanaume wakiwa wamechunika viganja. Ya Abílio haikurudi. Waliorudi mwisho walisema waliiona kwa mbali, tanga limechanika, wanaume wanapiga makasia kwa nguvu zote, na mashua inazidi kurudi nyuma.

"Shoga, hao samaki unawaanua au unawaungamisha?" Benta, jirani yake, alikuwa amesimama na kapu lake kichwani. "Fanya haraka, twende nyumbani. Na mumeo usimlilie mapema. Abílio kwa ubishi alio nao, bahari yenyewe itamchoka imtapike."

Deolinda hakucheka.

"Nakwenda kugeuza kigae," alisema.

Tabasamu la Benta lilikatika. Aligeuka akatazama nyuma, kama mtu anayehofia kusikiwa.

"Leo? Leo mkesha wa Mtakatifu Andrea, Deolinda! Nenda kesho."

"Kesho atakuwa amekufa. Maji ya kunywa yamewaishia, Benta. Unajua hivyo. Wote mnajua, ila mnaniambia ningoje."

Benta akaondoka, viatu vyake vya mbao vikilia ko, ko, ko juu ya mawe, upesi kuliko kawaida.

Kigae chenyewe kilikuwa kwenye paa la kikanisa cha Mtakatifu Andrea, kule kwenye majabali, ufukwe unapokwisha. Upepo ukimzuia mume baharini, mke huchukua ufito mrefu, hukigeuza kigae kimoja cha ukingoni, na upepo hugeuka. Kila mwanamke wa Fontelas amewahi kukigeuza au kugeuziwa na mwenzake. Lakini jioni ya mkesha hakiguswi. Jioni hiyo mtakatifu mwenyewe anavuta jarife, wavu wake mkubwa, anaokota roho za waliozama, na upepo utakaouita wewe utamfikia kila mtu ambaye hajafika nyumbani.

Kila mtu.

Ufito ulikuwa nyumbani, nyuma ya mlango. Mama mkwe wake, Zulmira, aliketi karibu na moto, akikoroga supu ya kabichi ambayo hakuna aliyekuwa na hamu nayo. Alivaa nyeusi tangu bahari ilipomchukua mumewe, Serafim, wakati Abílio yumo tumboni. Abílio hakuwahi kumwona baba yake.

"Weka huo ufito chini, mwanangu," Zulmira alisema bila kugeuka.

"Mama, ni mwanao yule."

"Ni wangu. Nimemzaa mimi. Uweke chini."

Deolinda hakuuweka. Supu ilichemka. Nje upepo ulipiga mbinja chini ya mlango.

"Ulikuwa mkesha kama huu," mama mkwe alisema taratibu. "Nilikuwa nimeshika ufito, nimesimama hapo hapo uliposimama. Mama yangu akaniambia nisiende. Nikamsikiliza."

"Na baba yake Abílio?"

"Si unaziona nguo zangu?"

Alirudisha uso motoni. Hakusema tena neno la kumzuia, wala hakusimama kuuzuia mlango. Deolinda akatoka.

Alifika kwenye majabali mwanga ukiwa umebaki kidogo. Upepo ulimpiga mgongoni, ukamrusha sketi zake zote alizozivaa moja juu ya nyingine. Aliinua ufito. Ncha ikapiga ukuta mara mbili kabla ya kukipata kigae.

"Abílio," alisema. "Abílio wangu. Rudi."

Akasukuma.

Kigae kikageuka kwa urahisi, kana kwamba kuna mkono upande wa pili uliokuwa ukisaidia. Maji yalichuruzika kutoka chini yake, yakamdondokea mdomoni.

Maji ya chumvi.

Upepo ukafa. Kimya kilikuwa kizito mpaka akausikia moyo wake. Kisha, polepole, hewa ikaanza kuja kutoka baharini, baridi, na ukungu nyuma yake, na harufu... harufu ya mwani uliooza, na ya nguo iliyofungiwa na maji miaka mingi.

Chwa... chwa... chwa...

Si mawimbi. Miguu. Watu walikuwa wakitoka majini.

Deolinda alijibana ukutani. Walipita mbele yake ndani ya ukungu, wanaume, mmoja nyuma ya mwingine, wakichuruzika maji. Walikwenda kama watu waliochoka baada ya kazi, kuelekea nyumba za Fontelas. Mmoja alisimama.

"Dada," alinong'ona. "Zulmira bado anakaa kule kwenye mteremko?"

Sauti ilikuwa ya Abílio.

"Abílio!" Deolinda alimrukia, akamshika mkono. Ulikuwa laini kama samaki aliyelala majini. Mtu yule akamgeuzia uso. Ulikuwa uso wa Abílio, pua ile ile, nyusi zile zile. Lakini ulikuwa uso wa kijana, kama Abílio alivyokuwa kabla hawajaoana. Akatabasamu kwa adabu, akautoa mkono wake, akaendelea na safari.

Deolinda alirudi nyuma mpaka ukutani.

Kutoka mjini ilikuja sauti ya kugongwa mlango. Halafu mwingine. Halafu mingi. Alingoja kusikia mayowe. Hakukuwa na mayowe. Alisikia makomeo yakivutwa, moja baada ya jingine, na milango ikifunguliwa. Ilikuwa milango ya wajane.

"Nimefanya nini," alisema. "Mama wa Mungu, nimefanya nini."

Aliuinua ufito kukirudisha kigae. Ncha ilikuwa imeshakigusa aliposikia baragumu la kombe la bahari, mbali, ndani ya ukungu. Wavuvi hulipuliza wasipoiona nchi. Lilikuwa la Abílio. Lake lilikuwa na ufa, likilia hukwaruza mwishoni.

Upepo ulikuwa unamleta. Akikirudisha kigae sasa, utampeleka tena.

Alisimama hivyo hivyo, mikono juu.

Wakaanza kurudi. Safari hii walikwenda wawili wawili. Wanaume walikuwa mbele kidogo, na wanawake wenye nguo nyeusi wakifuata, miguu mitupu, wameshikwa mikono. Hakuna aliyekuwa akivutwa. Zulmira alikuwa miongoni mwao. Nywele zake nyeupe zilikuwa wazi, na pembeni yake alitembea kijana yule, ambaye angeweza kuwa mjukuu wake.

"Mama!" Deolinda alilia. "Mama, njoo huku. Mwachie mkono. Nakirudisha sasa hivi, watakwenda zao, wewe njoo tu!"

Zulmira alisimama. Alionekana kama mtu aliyeamshwa kutoka usingizi mtamu.

"Usikiguse," alisema. "Mwache mumeo afike. Wangu ameshafika."

"Huyo si yeye, Mama. Tazama vizuri!"

"Nimetazama vizuri, mwanangu. Baridi tu ndiyo imezidi."

Kijana akamgusa bega. Wakaendelea. Maji yalimfika magotini, kiunoni. Deolinda alikuwa na ufito juu, kigae kwenye ncha. Msukumo mmoja ungetosha, alijua hivyo. Baragumu likalia tena, karibu zaidi, likakwaruza.

Akaushusha ufito chini.

Alifumba macho mpaka chwa... chwa... ilipokoma.

Mashua ilipanda mchangani muda mfupi baadaye, na watu wakatoka na taa, wakashangilia, wakalia. Abílio alishushwa akiwa ameshikiliwa mabegani, midomo imepasuka, lakini ana joto. Deolinda alimpapasa uso, shingo, vidole. Vyote vilikuwa na joto.

"Mama yuko wapi?" Abílio aliuliza. "Mbona hakuja kunipokea?"

"Amelala," Deolinda alijibu.

Kulipopambazuka, shali nyeusi zilionekana zimelala mchangani, zikiwa zimekunjwa vizuri. Padri alisema ni huzuni, imewapotosha wale wanawake kwenye ukungu. Huenda ni kweli. Lakini bahari ya pale hurudisha maiti za waliozama ufukweni, na safari ile haikurudisha hata mmoja. Wanaume walipanda juu ya kikanisa kukirudisha kigae. Kiling'ang'ania kama kimejengewa, na kila walipokipiga kilitoa maji.

Deolinda alimwambia mumewe ukweli baadaye, maana alimwona kila jioni amekaa mlangoni akimngoja mama yake. Abílio hakumpiga wala hakumfokea. Aliuliza jambo moja tu.

"Aliniulizia?"

"Alisema nikuache ufike."

Mwaka ukazunguka. Jioni ya mkesha ilipokaribia, Fontelas nzima ilisikika ikigongomea misumari, mlango baada ya mlango, na Benta akapita akigawa mbao zilizobaki.

"Nyie mmeshamaliza?" aliuliza. "Au mnangoja malaika waje kuwasaidia? Haya, shika mbao hizi, shoga."

Deolinda alizipokea, akaingia nazo ndani. Abílio alikuwa amepiga magoti mbele ya mlango, patasi mkononi. Alikuwa akiling'oa komeo.

"Unafanya nini?" Deolinda alinong'ona.

"Mikono ya Mama haina nguvu. Atashindwa kufungua."

"Abílio, nisikilize. Hatakuja kukaa. Wale hawaji kukaa. Wanakuja kuchukua."

Komeo likatoka. Abílio aliliweka sakafuni polepole, bila kulipigisha kelele, kama mtu aliye na mgonjwa ndani.

"Najua," alisema.