Kopo la Mkasi

Watu walimwita Mkasi, na si kwa wema. Filamu zake ziliruka. Bwana harusi anainua mkono amfunue bibi harusi uso, mara ghafla wana watoto watatu! Ukumbi mzima unazomea: "Mkasi! Umekula picha yetu!" Naye huko juu, kwenye chumba cha mashine, anaunga mkanda, jasho linamtiririka.

Sinema ilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo la maduka, na ilipofunguliwa foleni ilishuka ngazi hadi duka la viatu. Wiki ile ile ya kwanza, Mkasi akaona kitu. Nyuma ya wageni wa harusi alisimama mwanamke aliyewapa watu mgongo, na kwenye sinema nyingine filamu hiyo haikuwa naye. Filamu iliyofuata ilikuwa ya vita. Yumo tena, amegeuka kidogo, sikio linaonekana. Chumba kikanuka nywele zinazoungua.

Mzee aliyemfundisha kazi, alipoulizwa, alifunga mlango kwanza ndipo akajibu.

"Hilo ni jini, mwanangu. Kata kipande chake, unga filamu, endelea na kazi. Lisimalize kugeuka."

"Na likimaliza?"

"Litatoka. Na likitoka, litamwingiza mtu mahali pake. Vipande vitie kwenye kopo, ufunge, na usiviunganishe kamwe."

Basi akakata miaka ishirini na minane. Video zikaja, watu wakabaki majumbani. Duka la viatu likafungwa, panya wakahamia viti vya nyuma, yeye anakata tu. Mkewe alipofariki, alimlea bintiye humo humo, mtoto akifanya kazi za shule chini ya mashine. Hakumwambia neno. Aliona haya, na aliogopa kumtisha.

Kisha tajiri mpya akanunua sinema, akaleta mashine za kompyuta zisizo na mkanda wa kukata. Magoti ya Mkasi yalishachoka, kazi akaishika bintiye. Ajabu, mwanamke hakuonekana tena. Mkasi akashusha pumzi: kumbe lote limebaki koponi!

Sinema ilipotimiza miaka thelathini, binti, katika sweta lake la bluu, alimkalisha baba yake katikati ya ukumbi mtupu. Ilikuwa saa tisa mchana, nje watu wanapita na mifuko yao.

"Kaa hapo, baba. Nina zawadi yako."

"Zawadi gani tena, na uzee huu?"

"Wewe tulia tu, mbishi wee!" Akapanda chumba cha mashine, taa zikazimika.

Harusi. Mgongo. Vita. Sikio. Mkasi akashika kiti kwa mikono miwili. Binti alikuwa amelikuta kopo nyuma ya kabati, akavisafisha vipande miezi mitatu, akavipanga kwa tarehe alizoziandika baba yake mwenyewe, akaviingiza kwenye kompyuta na kuviunganisha, kwa mapenzi matupu, ili mzee aone kazi yake haikupotea.

"Zima! Mwanangu, zima!" Lakini sauti haikufika juu, na pale mbele mwanamke aligeuka, kutoka harusini kwenda vitani kwenda hospitalini, shavu, kisha pua, kisha jicho moja, na harufu ya nywele inazidi, na Mkasi anapanda ngazi za ukumbi kwa magoti yale yale mabovu huku akimwita mwanawe, hadi jicho la pili likatokea, wala halikumtazama yeye, lilitazama juu yake, kwenye kidirisha cha chumba cha mashine.

Pazia la sinema likawa jeupe. Binti akashuka, anatabasamu.

"Umeipenda, baba?"

Akamkumbatia. Nywele zake zilinuka moshi.

Mpaka leo huyo aliyeshuka anaishi naye. Anampikia, anampa dawa za magoti, majirani wanamsifu. Kazi ya sinema ameiacha. Mkasi ndiye anayekwenda kila siku, anakaa mstari wa mbele, kwa sababu katika kila filamu, nyuma ya watu, yumo msichana wa sweta la bluu aliyewapa mgongo. Juzi sikio lilionekana.

Fundi mpya wa mashine, mwanamke mcheshi, alimteremkia. "Mzee, hii si umeiona mara tano?"

"Namngoja mtu ageuke. Usikate kitu, mama, nakuomba."

"Mashine hizi hazikati, mzee wangu."

Mkasi akamtazama usoni, akatazama kidirisha cha chumba cha mashine anamokaa, kisha akamwuliza ana watoto wangapi.

"Wawili."

Mkasi akainamisha kichwa, akarudi kwenye kiti chake, akakaa.