Video Arobaini na Mikono ya Fundi Viatu

Kila siku akitoka shule, Chapuchapu alivua sare, akafua soksi na kuzianika, akala, kisha akavuka barabara kwenda studio ya mjomba wake. Jina hilo la utani alilipata kwa bibi yake, kwa sababu alifanya kila jambo mbiombio. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, mwepesi wa kuelewa na mwepesi zaidi wa kuchoka kusubiri.

Studio ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa. Ilikuwa na meza, viti viwili na kompyuta ya zamani ambayo feni yake ilinguruma kama inapanda mlima. Huko mjomba alimfundisha kuhariri video: kukata vipande, kuviunganisha, na mwishoni kuiagiza kompyuta itengeneze faili ambalo mtu angeweza kulifungua kwenye simu yake. Kazi hiyo ya mwisho mjomba aliita kupika. Zikiwa video nyingi, unazipanga foleni na kompyuta inazipika moja baada ya nyingine. Sharti lake lilikuwa moja tu: pika moja kwanza, uitazame mwanzo hadi mwisho, ndipo uziweke nyingine foleni.

Muhula ule mjomba alikuwa amejitolea kumsaidia mwalimu wa watoto viziwi. Kwa Jumamosi tatu walirekodi video fupi arobaini za lugha ya ishara, ili wazazi wajifunze kuzungumza na watoto wao nyumbani. Mwalimu alisimama mbele ya ukuta mweupe na kuonyesha kwa mikono: njoo, kula, unaumwa wapi, nitarudi, nakupenda.

Alhamisi mjomba aliitwa kurekodi mahafali. Alimwachia Chapuchapu karatasi yenye mipangilio yote: upana wa picha, ubora wake, na picha thelathini kwa kila sekunde. Chapuchapu aliifuata karatasi vizuri mpaka alipotazama muda. Kompyuta ilisema ingehitaji saa mbili na dakika kumi. Wakati huo huo rafiki yake alikuwa dirishani na mpira wa pete kwapani, akimuuliza kama ameolewa na hiyo kompyuta.

Chapuchapu akashusha ubora. Akapunguza picha thelathini zikawa nane. Muda ukashuka hadi dakika ishirini na tano. Akajiambia kwamba mwalimu mwenyewe alitaka mafaili mepesi. Akazipanga zote arobaini foleni, akabonyeza, akaenda uwanjani.

Jioni mjomba alipiga simu. Aliuliza kama kazi imekwisha, akaambiwa imekwisha.

"Uliitazama moja kwanza?"

"Ndiyo, mjomba. Iko safi."

Ilikuwa sentensi fupi tu, nayo ilimtoka bila shida. Ijumaa mjomba alimpa mwalimu video hizo, naye akawagawia wazazi.

Jumamosi asubuhi Chapuchapu alipeleka kiatu chake cha michezo kwa fundi viatu wa pale kona, maana soli ilikuwa imeachama. Alimkuta fundi ameweka nyundo chini. Mkononi alikuwa na simu, na kando yake alikaa binti yake wa miaka tisa, ambaye alizaliwa kiziwi. Fundi alitazama simu, akainua mkono kifuani, akausogeza hewani, akamtazama mtoto. Mtoto akatikisa kichwa na kugeukia ukutani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Leo nyundo imegoma, nimekuwa mwanafunzi."

Akamweleza, huku akijaribu kucheka. Jumatatu binti yake angepanda basi kwenda shule ya bweni ya watoto viziwi, mbali na nyumbani. Tangu aone sanduku likipangwa alikuwa hali chakula vizuri, kwa kuwa aliamini anatupwa. Baba alitaka kumwambia jambo moja tu kabla hajaondoka: nitakuja kukuona kila mwisho wa mwezi. Mama yake, ambaye ndiye aliyekuwa akizungumza naye kwa ishara, alikuwa amefariki mwaka uliopita.

"Hii video ya 'nitarudi' nimeitazama tangu jana," alisema. "Mwalimu kaonyesha, wenzangu bila shaka wameelewa. Mimi ndiye mzito. Miaka ishirini ya nyundo, vidole vimekuwa kama magogo. Mungu kanipa mtoto anayehitaji mikono, halafu kanipa mikono hii."

Alimpa Chapuchapu simu aone. Mkono wa mwalimu uliruka kutoka kifuani hadi begani bila kupita katikati, na vidole vyake vitano vilikuwa vimeungana kama uji. Hakuna mtu duniani ambaye angejifunza kitu pale.

Chapuchapu alitaka kusema labda simu ni mbovu. Neno lilifika mdomoni. Hakuna aliyemshuku, na angeweza kuzipika upya kimyakimya. Lakini alimwona fundi akiitazama mikono yake kwa aibu, kama vile imemkosea mtu. Akaacha kiatu na kukimbilia studio.

Alimweleza mjomba yote bila kujitetea, huku akilia. Mjomba alifungua faili moja, akalitazama hadi mwisho.

"Hii ni mikono au glavu za ndondi?" aliuliza. Kisha akalifunga faili. "Kubadilisha mipangilio ni kosa la mwanafunzi, na mimi pia nimewahi kulifanya. Lakini nilikuuliza, mpwa wangu, ukasema uliitazama. Hilo limeniuma. Mafaili ya mwanzo yote tunayo, nitampigia mwalimu na nitawasha mashine. Wewe nenda kwa fundi, umwambie mwenyewe."

Zilikuwa hatua mia mbili hivi, na kila hatua Chapuchapu aliomba moyoni apewe nguvu ya kutogeuka. Alipofika alisema yote haraka, hata ule uongo, kabla ujasiri haujamtoroka. Fundi alimsikiliza, kisha akaigeuza mikono yake juu chini.

"Kwa hiyo si mikono yangu?"

"Si mikono yako, baba. Ni mimi. Nisamehe."

Chapuchapu alitarajia kugombezwa. Fundi alivuta pumzi ndefu, akasema Alhamdulillahi kwa sauti ya chini, akamshika binti yake mkono, wakafuatana wote watatu hadi studio.

Safari hii walipika moja tu, ile ya "nitarudi", kwa mipangilio ya kwenye karatasi. Hawakumtafuta mtaalamu wa kuipima. Walimweka binti wa fundi mbele ya kioo cha kompyuta. Alitazama, macho yakang'aa, akairudia ishara ile bila kukosea. Baba yake akajaribu. Mtoto akamshika kidole cha pili, akakinyoosha, akamwashiria arudie. Alirudia mara nne. Mara ya tano akaunganisha na ishara ya mwezi, na ishara ya neno "mwisho", jinsi binti alivyomwelekeza. Mtoto akamkumbatia baba yake shingoni, karibu kumwangusha kitini. Mjomba akajifanya anatafuta waya chini ya meza.

Kisha waliziweka zote foleni, na kompyuta ikachukua saa mbili na dakika kumi. Chapuchapu hakuondoka kitini. Kila faili lilipotoka alilifungua na kulitazama lote. Jumapili yeye na mwalimu walizunguka nyumba kwa nyumba wakibadilisha video. Kwenye kila mlango alieleza kosa lake na kuomba radhi. Wazazi wengine walinuna, lakini wengi walimshukuru, na mama mmoja alikiri kwamba naye alikuwa ameanza kujiona mjinga.

Jumatatu asubuhi Chapuchapu alikwenda kituoni kumuaga binti. Fundi alimvuta Chapuchapu kando.

"Sikiliza, mwanangu. Makosa ya kwenye kompyuta yalirekebishwa kwa saa mbili. Uongo wako mdogo ulinifanya nijidharau siku nzima, na ungeweza kunikaa maisha yangu yote. Mtu anaposema kazi ni safi, sisi tulio mbali tunamwamini, na kazi ikitushinda tunajilaumu wenyewe. Basi kagua kazi yako kabla hujaisema. Na ukikosea, sema mapema, kama ulivyosema. Kwa hilo nitakushukuru daima."

 Moyoni Chapuchapu alimshukuru Mungu kwa mjomba aliyemtuma arudi, na kwa mtu huyu aliyemsamehe kabla hajamaliza kuomba.

Basi likaanza kuondoka. Binti alikuwa dirishani, mikono yake ikienda kasi nyuma ya kioo. Fundi alitembea kando ya basi akijibu kwa mikono yake migumu, neno moja moja, mpaka lilipokata kona.

Chapuchapu alimuuliza fundi mtoto alikuwa akisema nini.

"Anasema nisisahau kula," alijibu fundi, akifuta macho.