Laini ya Mfanyakazi wa Ghala

"Dada, hii laini siyo yako."

Leticia alicheka. Laini anaitumia mwaka wa pili sasa, leo dada wa kaunta ya duka la simu anamwambia siyo yake!

"Ni ya mchumba wangu, Egidi. Analipa bili kila mwisho wa mwezi. Nataka muitoe kwenye mkataba, niwe naweka vocha mwenyewe. Tunafunga ndoa mwezi ujao, nimpunguzie mzigo."

Mapenzi yalikuwa yamemkolea hadi anamwonea mwanaume huruma kwa bili ya simu. Kanisani kwao Matogoro ndoa ilishatangazwa Jumapili mbili. Ilibaki ya tatu, na cheti cha ubatizo cha Egidi, ambacho kila wiki alisema kinakuja kutoka Hanga.

Dada wa kaunta alitazama kompyuta yake.

"Mwenye akaunti aje mwenyewe aweke kidole. Ana laini mbili hapa, moja kaiandika 'ya mke', nyingine 'ya mfanyakazi wa ghala'. Ya mke ni hii hapa. Inaishia arobaini na mbili."

Ya Leticia iliishia arobaini na moja.

Ile ya arobaini na mbili aliijua. Ilikuwa haiishi kuita kwenye simu ya Egidi, naye husema ni mlinzi wa ghala lake la tumbaku kule Namtumbo. Leticia akatoka nje, akaipiga.

"Haloo," ilijibu sauti ya mwanamke.

"Samahani dada, naongea na nani?"

"Walburga, mke wa Egidi, niko huku Namasakata. Wewe si yule wa ghalani? Namba yako ninayo."

Leticia akaegemea ukuta wa duka.

"Usiogope, mdogo wangu. Mume wangu kaniambia habari zako. Anasema hata kufagia hujui, anakuvumilia tu kwa sababu ya shida za kwenu."

"Dada... mlifunga ndoa?"

"Hanga, kanisani, mwaka wa sita huu. Cheti kipo sandukuni. Kwani kuna nini?"

Leticia akamweleza yote. Kisha akalia nyuma ya duka mpaka kitenge kikalowa. Alipomaliza akanawa uso, akarudi ndani, akaweka dole gumba lake, akapewa laini mpya ya vocha kwa jina lake.

Jioni ujumbe ukaingia kwenye laini ya zamani: "Mpenzi, dukani wamenipigia kwamba ulienda. Usiiguse hiyo laini, nitakulipia maisha yangu yote."

Akajibu: "Nimeiacha, mpenzi wangu. Jumapili usichelewe misa."

Egidi hakuchelewa. Alikaa benchi la mbele na koti jipya, anatabasamu kwa kila anayemwangalia.

"Kwa mara ya tatu," alisoma paroko, "tunatangaza ndoa ya Egidi na Leticia. Mwenye kujua kizuizi, atoe taarifa."

"Tumsifu Yesu Kristo, baba paroko." Mwanamke alisimama benchi la nyuma, mkononi ameshika karatasi. "Kizuizi ni mimi. Cheti hiki hapa."

Kanisa zima likageuka. Mama yake Leticia alishika benchi kwa mikono miwili, na hilo ndilo lililomuuma Leticia kuliko yote. Leticia alipotoka, Egidi akamfuata mlangoni, jasho linamtiririka.

"Leti, kumbe ulijua! Mbona hukuniambia tukayamaliza wawili?"

"Nimekupenda sana, Egidi. Tungekaa wawili, ungenidanganya tena, na mimi ningekubali."

Akafungua pochi, akatoa laini ya zamani, akamwekea kiganjani.

"Shika mali yako. Yule wa ghalani, asiyejua kufagia, ameacha kazi."

Egidi akageuka amtafute mkewe. Walburga alikuwa nyuma yake, simu imefunguliwa mgongo. Akachomoa laini yake, akaiweka juu ya ile nyingine.

"Na mke pia," alisema.