Mkoromo Kisiwani Serrana

Rafiki yangu Alban, mvuvi wa hapa kisiwani Providencia, katika bahari ya Karibi, hataki tena kukanyaga Serrana. Mwaka jana alishuka kwenye kisiwa kile cha mchanga na shemeji yake, Rudwell, kuokota mayai ya ndege. Ilikuwa mchana, lakini wingu zito likafunika jua, kukawa giza, na ndege wote wakanyamaza kwa pamoja. Ndipo wakasikia mkoromo ukitoka majini, kama wa mtu mnene anayevuta pumzi kwa taabu.

"Shemeji, tumbo lako hilo?" Rudwell akatania.

"Nyamaza wewe! Huyo ni sili, yule mnyama mnene wa baharini. Marehemu baba alikuwa akituigizia mkoromo wake."

"Sili gani? Babu zetu si waliwamaliza kwa marungu, wakawachemsha wapate mafuta? Hakuna aliyebaki katika bahari hii."

Mkoromo ukawapita karibu kabisa, wasione kitu. Kisha kikasikika kilio kimoja kirefu, halafu kimya.

Wingu lilipopasuka, waliona mchangani alama za kitu kilichojiburuza kutoka majini hadi kwenye sufuria kubwa la chuma waliloliacha wale babu waliochemsha sili. Alama za kurudi baharini hazikuwepo. Alban akaingiza mkono ndani ya sufuria lile lililojaa kutu. Mafuta yaliyomshika vidoleni yalikuwa bado ya moto.