Zawadi za Tabibu Faustino

Kila Jumamosi asubuhi Lusia alifagia uwanja, akaosha vyombo, kisha akampelekea baba yake chai zahanati. Baba yake, Tabibu Faustino, ndiye aliyekuwa mganga mfawidhi wa zahanati ya kijiji chao, si mbali na Kitomanga, mkoani Lindi. Zamani foleni ilianza kabla jua halijapanda. Miezi ya karibuni mabenchi yalikuwa matupu, na Lusia alidhani watu wamekuwa na afya njema.

Jumamosi hiyo mama alimtuma kwanza kwa jirani yao, Bibi Mastura, akaazime chekeche.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pita ndani."

Juu ya mkeka alilala Issa, mjukuu wa Bibi Mastura, mtoto wa miaka minne. Macho yalikuwa yamelegea na alipumua haraka haraka. Lusia alimgusa paji la uso. Lilikuwa la moto.

"Ameanza lini kuumwa?"

"Leo siku ya tatu. Namkanda kwa maji na kumpa mwarobaini."

"Mbona hujampeleka kwa baba?"

"Usikasirike, mwanangu," Bibi Mastura alisema kwa upole. "Ukienda na kikohozi, baba yako anakuandikia dawa iitwayo Afyatele ukainunue dukani. Ukienda na mgongo, Afyatele. Chupa yenyewe ghali, tena haiponyi. Watu wanasema kampuni inayoitengeneza imempa televisheni. Sasa nitajuaje kama anamtazama mjukuu wangu au anaitazama kampuni?"

Maneno hayo yalimchoma Lusia. Televisheni hiyo ilikuwa sebuleni kwao, naye aliipenda mno. Alitamani achukue chekeche aende zake. Lakini Issa aliguna kwa maumivu, na Lusia akatoka mbio hadi zahanati.

Baba alifika mara moja na mkoba wake. Kipimo kilionyesha malaria, na dalili zilikuwa mbaya. Alimchoma mtoto sindano ya kwanza, akapiga simu, na gari la wagonjwa likawachukua Issa na bibi yake kwenda hospitali mjini Lindi.

"Angekaa hadi kesho, huenda tungempoteza," baba alisema wakirudi zahanati. "Kwa nini walisubiri siku tatu, na mimi niko hapa?"

Lusia hakuwahi kumwambia baba yake neno la kumuumiza. Alitazama chini, kisha akamweleza yote, hata la televisheni.

Baba hakumkaripia. Aliketi kwenye benchi la wagonjwa.

"Wakala wa kampuni hakuwahi kuniambia niandike dawa yake," alisema. "Aliniletea televisheni, akanipeleka semina hotelini. Basi kila nikishika kalamu, jina la dawa yake ndilo linalokuja kwanza. Nilijiambia haimdhuru mtu. Kumbe madhara ndiyo haya."

Jumatatu alimrudishia wakala televisheni, akamwandikia mganga mkuu wa wilaya kueleza alichofanya. Alipewa onyo kali kwa maandishi. Kisha akaomba nafasi ya kusema katika mkutano wa kijiji. Lusia alikaa karibu na mama yake.

"Nimewakosea," baba alisema. "Nimewaandikia wengi wenu dawa msiyoihitaji, kwa sababu nilipokea zawadi. Naomba mnisamehe."

Mzee Dismas, aliyekaa mbele, akasimama. "Tumekusikia, tabibu. Lakini kesho tutakuaminije?"

"Msiniamini kwa maneno, mzee wangu. Kila dawa nitakayoandika, niulizeni ni ya nini na kama ipo ya bei nafuu. Na wakala yeyote akija, ataonana na kamati ya zahanati, si mimi peke yangu."

Hakuna aliyepiga makofi. Majuma ya kwanza walikuja wagonjwa wachache, tena wenye maswali mengi. Baba aliyajibu yote, hata yale aliyokwisha kuyajibu. Pole pole mabenchi yakaanza kujaa.

Issa alirudi nyumbani akiwa mzima. Mwezi mmoja baadaye Lusia alimkuta Bibi Mastura akitoka naye zahanati, mikono mitupu.

"Bibi, hamkupata dawa?"

"Hatukuihitaji. Ni mafua tu. Baba yako amempima, hana malaria, na kifua chake ni safi. Amesema anywe uji na apumzike, akizidiwa nimrudishe. Nimetoka bila chupa na moyo wangu umetulia, alhamdulillahi."

Jioni, wakati wa chakula, Lusia alimsimulia baba yake. Baba alitabasamu, kisha akaweka kijiko chini.

"Lusia, kiongozi akipokea zawadi ya mwenye shida yake, anaanza kumtumikia huyo na kuwasahau watu wake, wala hajui ni siku gani alibadilika. Siku ukipewa kazi ya kuwaongoza wenzako, likumbuke hilo. Na ukikosea, kiri mwenyewe mbele ya uliowakosea, kisha vumilia mpaka wakuamini tena. Hawatakuamini kwa siku moja."

Akamsogezea bakuli la mchuzi.

"Na anayekuambia ukweli unaouma, mshukuru. Mimi nilichelewa kukushukuru wewe. Asante, mwanangu."