Kibuyu Kisichonuka Moshi

"Pamba, Pamba. Hapa Mzizi. Unanisikia?"

"Nakusikia. Sema."

"Ng'ombe mweupe amevuka mto. Narudia. Ng'ombe mweupe amevuka mto."

Adventina, ambaye redioni ndiye Pamba, alifumba macho. Maana yake ni kwamba penisilini ya magendo imeingia Karagwe kutoka ng'ambo ya Kagera, na kwamba leo tena hatalala.

"Mbebaji?"

"Egbert. Anajiita daktari. Anachoma watu sindano nyumba kwa nyumba, na alikotoka kuna makaburi mapya. Yuko Rugera."

"Nitumieni gari."

"Limekwama matopeni. Panda baiskeli. Mwisho."

Mwisho wa maongezi. Mwanzo wa mlima.

Hivyo ndivyo jasusi wa kuogopwa kuliko wote katika Jimbo la Ziwa alivyoukwea mlima wa Rugera mwaka 1953: akiisukuma baiskeli yake ya Raleigh, viatu vinabana, sare ya uuguzi imelowa mgongoni. Alikuwa ametoka zamu. Huko wodini hakuna aliyeijua kazi yake ya pili. Siku nyingine hata yeye alitamani asiijue.

Silaha alikuwa nazo. Bomba la sindano la kioo, limechemshwa, limo ndani ya kikebe cha bati. Vichupa vya adrenalini, dawa ya kumwokoa mtu ambaye mwili wake umeikataa sindano. Na bastola aina ya Webley, isiyo na risasi. Risasi zilikwisha kuombwa Bukoba. Bukoba ilikuwa inafikiria.

Kwenye boma la Mzee Mwesigwa, mfugaji, alipokelewa langoni na binti wa nyumba, Kemirembe.

"Dada, afadhali umekuja. Mchumba wangu Methodius kaja kuwasalimia wazazi, ana mafua. Sasa kuna daktari mgeni. Kaja na kibuyu cha maziwa, lakini hakinuki moshi."

Adventina alisimama.

Huku kibuyu hufukizwa kwa nyasi kabla ya kutiwa maziwa. Kisichonuka moshi hakijawahi kuona maziwa.

"Kinanuka nini?"

"Spiriti, kama hospitalini."

Alikimbia. Uani, Egbert alikuwa anaifuta sindano kwenye suruali yake. Mzee Mwesigwa alikuwa anauliza kwa upole:

"Mkwe, damu yako inapatana na dawa hii?"

Methodius aliwatazama wakwe waliojipanga kumtazama. Nani anayetaja maradhi yake mbele ya wakwe?

"Mimi, baba? Sijawahi kuumwa hata kichwa."

"Usimchome!" Adventina alipiga kelele.

Sindano ilikuwa imeshaingia.

Kwanza Methodius alijikuna shingo. Kisha mikono. Midomo ikavimba. Pumzi ikaanza kupiga filimbi.

"Mwaka jana..." alinong'ona, "nilichomwa hii... nikavimba hivi hivi."

Egbert alinyakua kibuyu chake, akatoka mbio.

Adventina alikuwa na bastola mkono mmoja, kikebe mkono wa pili. Mtu hawezi kutumia vyote viwili.

Aliitupa bastola.

"Mlazeni! Kemirembe, inua miguu yake!"

"Mbele ya baba?"

"Mbele ya yeyote!"

Kichupa kikavunjwa shingo. Adrenalini ikavutwa, ikaingia pajani. Adventina akashika mkono wa kijana na kusubiri. Mapigo ya moyo yalikuwa dhaifu mno. Kemirembe alilia bila sauti, miguu ya mchumba wake mikononi.

Filimbi ikapungua. Ikapungua tena.

Methodius akavuta pumzi nzima.

Na Egbert? Egbert alikutana na ng'ombe wanaorudi machungani. Lango la boma halipitishi pembe ndefu na daktari wa uongo kwa wakati mmoja. Kibuyu kilipasukia chini ya kwato. Yeye alirudi uani mwenyewe, mikono juu, kinyumenyume, akisindikizwa na fahali. Wachungaji walimfunga kwa kamba ya kukamulia.

Adventina alikesha kwenye kigoda kando ya mgonjwa, kwa sababu hali ile huweza kurudi.

"Sikia," alimwambia asubuhi. "Mafua hayatibiwi kwa penisilini. Na wewe usiiguse tena maisha yako yote. Ukiona mtu ameshika sindano, mwambie kabla hajakugusa. Hata mbele ya mkwe."

"Kosa ni langu, mwanangu," alisema Mzee Mwesigwa. "Mambo kama hayo mtu huulizwa nyuma ya nyumba."

Adventina aliiokota Webley kutoka kwenye mavi ya ng'ombe. Akaifuta kwenye suruali ya Egbert, polepole, pande zote.

Egbert alichungulia. "Sista! Kumbe haina hata risasi?"

"Hata ingekuwa nazo, nimechoka."

Askari walikuwa wanapanda kwa miguu kuja kumchukua. Adventina alimpigia mzee goti, akaishika Raleigh na kutoka nje bila kugeuka. Zamu ilikuwa inamngoja.

Lakini njia yote ilikuwa mteremko. Alipanda baiskeli, akainua miguu, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo hakufanya kazi yoyote.