Chumba Chini ya Sitaha

Yaliyomfika fundi wa meno yalianza na ukungu kwenye kioo cha dirisha, na dirisha lenyewe halikuzidi ukucha wa kidole gumba.

Lilikuwa dirisha la nyuma la merikebu ya mbao aliyoimaliza majuma sita kabla. Mchana fundi alitengeneza meno ya bandia katika chumba cha nyuma cha zahanati. Akirudi nyumbani, kwa kibano kilekile na misumeno ileile midogo, alijenga merikebu za urefu wa mkono. Hakuwahi kupanda chombo hata kimoja maishani. Maji mengi aliyoyazoea ni ya beseni, na mkewe, mwalimu wa hesabu mwenye ulimi mwepesi, alimwita Nahodha wa Sebuleni.

Asubuhi hiyo alifuta kioo kwa pamba. Hakikufutika. Ukungu ulikuwa upande wa ndani.

"Gundi haijakauka," alijisemea, ingawa alijua fika kwamba gundi yake hukauka kwa siku moja. Akavaa viatu akaenda kazini.

Ndani ya merikebu ile, chini ya sitaha, kulikuwa na chumba. Kilitokana na utani. Siku moja mwalimu alimkuta mumewe ameinamia mbao zake kwa saa ya nne mfululizo, akasema, "Nahodha, nikitaka kuonana na wewe siku hizi, nihamie humo ndani?" Fundi alicheka, lakini neno lilimchoma, maana lilikuwa la kweli. Mwezi mzima uliofuata alimjengea chumba. Alichonga kitanda kisichozidi kiberiti, kabati la milango miwili, na kiti kama kile anachokalia mwalimu akisahihisha madaftari. Mlango aliutia bawaba, ukafunguka na kufungika. Ungesema chumba chao cha kulala kimenywea kwenye mvua.

Wajenzi wa merikebu ndogo wana desturi yao. Kabla ya kuziba sitaha huficha ndani kijikaratasi chenye jina, ambacho hakuna atakayekisoma mpaka chombo kivunjike. Wengi huandika majina yao wenyewe. Fundi aliandika jina la mkewe, lote, na la baba yake na la babu yake. Kisha akapaka gundi ya meno, ile isiyoachia, akamgeukia mkewe.

"Haya mama, chumba chako hicho. Hamia."

Walicheka wote wawili. Ulimi hauna mfupa.

Sasa, tangu ukungu ule uonekane, mwalimu alianza kulala. Huyu ni mwanamke aliyeona usingizi wa mchana kuwa wizi. Alilala akitoka shuleni, kisha akalala kalamu nyekundu ikiwa mkononi, kisha wanafunzi wakamletea mkoba nyumbani kwa kuwa alisinzia ubaoni. Akiamka, nywele zake zilinuka vanishi.

"Naota niko chumbani kwetu," alimwambia mumewe, kwa sauti ya chini kama anayeogopa kusikiwa. "Ila dari iko chini. Nikinyoosha mkono naigusa."

"Uko peke yako?"

Mwalimu alitikisa kichwa. "Kuna mtu amekaa kwenye kiti changu. Amenipa mgongo. Hasemi kitu. Nahisi ananisubiri nizoee."

"Ni ndoto tu hiyo."

"Mguu mmoja wa kitanda ni mfupi," mwalimu aliendelea. "Umewekewa kipande cha jino chini yake."

Mguu wa kile kitanda kidogo ulikuwa mfupi kweli, na yeye, fundi, kwa kuona aibu ya kosa lake, aliuinua kwa kijipande cha jino la bandia bila kumwambia mtu yeyote.

Jumamosi, saa sita mchana, jua likiwa limejaa sebuleni na mkewe amelala chumba cha pili, aliweka sikio lake ubavuni mwa merikebu. Alisikia bawaba ikilia, ile aliyoitia mafuta kwa ncha ya sindano, kisha kiti kikivutwa sakafuni taratibu, kisha pumzi za mtu aliyelala, pumzi alizozijua kwa miaka kumi na tisa, na pembeni ya pumzi hizo, karibu nazo mno, pumzi nyingine nzito iliyokuwa ikivutwa ndani tu, ikivutwa na kuvutwa bila kutolewa, huku kwenye maungio ya mbao ikipenya harufu ya vanishi mbichi iliyochanganyika na nywele zilizoungua. Akakaa chini, akalia.

Hospitalini walimpima mwalimu damu, wakasema ni uchovu. Ndipo dada yake mkubwa akaleta mganga, mzee mfupi mwenye miwani ya kusomea. Hakufukiza chochote. Aliitazama merikebu, kisha akavuta kiti chake nyuma.

"Nani ameandikwa humo?" aliuliza.

"Umejuaje kuna jina?"

"Nani?"

"Mke wangu."

"Na ukamkaribisha kwa mdomo?"

"Ulikuwa utani, mzee."

"Hawa hawajui utani. Aliyeingia hakuvunja mlango, mwanangu. Amekuta nyumba ina kitanda na ina jina la mwanamke, akakaa kumngojea mwenyewe. Mito uliweka mingapi?"

"Miwili."

"Na kwa ajili ya wa pili ukaandika jina la nani?"

Fundi aliitazama merikebu. Mto wa pili ulikuwa wake. Ungekuwa wa nani mwingine? Hakuona haja ya kuandika.

"Sikuandika," alisema.

Mganga alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Tuivunje," dada mtu alinong'ona.

"Ivunjwe mwenyewe akiwa macho. Akilala yumo humo. Ukipitisha msumeno juu ya kichwa chake..." Mzee alirudisha miwani machoni.

Kesho yake mwalimu aliamka karibu na adhuhuri. Dada yake alimmwagia maji usoni, akamtembeza sebuleni huku na huku, akimuuliza hesabu ili asisinzie, na fundi akaanza kukata sitaha. Kazi nzuri ina adhabu yake. Mbao alizozipanga kwa mkono wake hazikuachia, gundi ikang'ang'ania, jasho likamwingia machoni.

"Sita mara tisa?" dada aliuliza.

"Hamsini na nne."

"Saba mara nane?"

"Hamsini na sita." Sauti ilikuwa nzito, lakini ilikuwepo.

Fundi alikaza mkono, akawaza mwezi mzima alioutumia kupendezesha kila kiungo ambacho sasa alikuwa akikilaani, akasikia msumeno ukilainika kama unavyolainika mbao inapokaribia kuisha, bado unene wa karatasi tu, na nyuma yake dada akauliza tisa mara saba, na jibu likaja taratibu, kwa ile sauti ya mwalimu anayemsubiri mwanafunzi mzito: "Sitini na tatu." Lilitoka chini ya msumeno. Alipogeuka, mkewe alikuwa amemlalia dada yake begani, mdomo umefumba.

Aliuweka msumeno mezani. Ulikuwa umeacha mwanya mmoja, mwembamba kama uzi. Mganga aliaga bila kunywa hata maji.

Siku tatu baadaye, asubuhi, mwalimu alifumbua macho. Alimwona fundi ameketi pembeni ya kitanda, akavuta shuka mpaka kifuani kama afanyavyo mwanamke anayekutwa na mgeni.

"Karibu," alisema kwa heshima. "Mwenye nyumba ametoka kidogo."

"Mke wangu, ni mimi."

Alimtazama kwa huruma, kama anavyomtazama mtoto aliyekosea hesabu rahisi. "Mume wangu hapendi wageni wakae sana," alisema, akafumba macho.

Fundi aliandika jina lake kwenye kijikaratasi, lake na la baba yake na la babu yake, akakikunja kama sindano, akakipenyeza kwenye mwanya kwa kibano. Kama nyumba ni ya walioandikwa, basi naye aandikwe. Kesho yake alikikuta mezani, kimelowa. Akaandika kingine. Kikarudishwa. Aliacha kwenda kazini, akawa anaandika na kupenyeza, na kila asubuhi jina lake lilimngoja nje.

Siku ya tisa mezani hapakuwa na kitu. Moyo ulimruka kwa furaha. Akainama kuutazama mwanya, na mwanya haukuwepo. Ulikuwa umezibwa kutoka ndani, kwa kiungo safi ambacho yeye mwenyewe, pamoja na sifa zake zote, asingeweza kukifanya.

Alikimbilia chumbani. Karatasi aliyoipenyeza jana ilikuwa juu ya kifua cha mkewe, imekunjwa mara nne, na kifua hakikupanda wala kushuka. Aliweka sikio, akangoja. Kisha akarudi sebuleni polepole, akapiga magoti mbele ya lile dirisha dogo. Kioo kilikuwa na ukungu mahali pawili, kandokando, unakuja na kuondoka kwa utulivu wa watu waliolala.

Mlango wa mbele ulifunguka, shemeji yake, yule dada mkubwa, akaingia na chupa ya uji.

"Ameamkaje leo?" aliuliza.

"Hayupo, shemeji," fundi alisema bila kugeuka. "Amehamia."